Nusu Ndoo: Historia ya Mazoezi ya Watoto Wenye Usonji Chini ya Meru

Victor Lotter aliifikia Kenya, lakini mpaka wa Namanga hakuvuka kuingia Tanzania. Jina lake lilikuwa tayari linajulikana kwa waliosoma habari za usonji, maana ndiye aliyewahesabu watoto hao kwa utaratibu wa kitaalamu mara ya kwanza, huko Middlesex, Uingereza. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1966: watoto wanne hadi watano katika kila 10,000. Katika miaka ya 1970 akaja Afrika na swali lilelile. Alipita miji 9 katika nchi 6, akawatazama watoto zaidi ya 1,300 waliokuwa kwenye shule na makao ya wenye ulemavu wa akili. Aliowahesabu kuwa na usonji kamili walikuwa 9.

Taarifa yake ilitoka 1978. Wakati huo mpaka wa Namanga ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa imevunjika, na ulibaki hivyo hadi 1983. Hata ungekuwa wazi, sioni angepata nini Arusha. Alikuwa akiwatafuta watoto ndani ya taasisi, na Tanzania ilianza kuwafundisha shuleni wenye ulemavu wa akili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wasioona walikuwa na shule ya Buigiri tangu 1950, viziwi walikuwa na ya Tabora tangu 1963. Mtoto wa Akeri au wa Ilboru, chini ya mlima Meru, aliyeziba masikio jogoo akiwika, aliyezunguka nguzo ya nyumba asubuhi mpaka jioni, alikuwa migombani kwao, na hakuna daftari lililomwandika.

Kuna jambo moja katika maandishi ya Lotter ambalo kila nikilikumbuka hunisumbua. Alisema watoto aliowaona Afrika walikuwa wakijitikisa, wakipunga viganja na kujigonga vichwa kwa nadra kuliko wale aliowazoea Uingereza. Kwa nini? Jibu la haraka, na lenye kutupendeza, ni mgongo wa mama. Mtoto wa mteremko wa Meru alibebwa kwa kanga mama akilima, akipanda kilima, akitwanga. Alitikiswa bila kuomba, akabanwa kifuani na mgongoni kutwa nzima. Basi huenda alikuwa ameshapewa kile ambacho mtoto wa Uingereza, aliyelazwa kwenye kitanda chenye vizuizi, alilazimika kujitafutia mwenyewe.

Jibu hilo nililipenda kwa muda, kisha nikaanza kulitilia shaka. Mtoto anayejigonga kichwa ukutani ndiye ambaye familia haimpeleki shule. Huenda Lotter aliwakuta wapole kwa sababu wengine walifungiwa. Na mgongo wa mama una mwisho wake: mdogo wake akizaliwa, mkubwa anateremshwa, na kuanzia hapo atatikiswa na kazi.

Hapa ndipo historia hii inapoanzia, kwa maoni yangu. Sara Harkness na Charles Super, Wamarekani walioishi katika kijiji cha Kokwet, Kenya, katika miaka ya 1970, waliwauliza wazazi wa Kikipsigis mtoto mwenye akili ni yupi. Walioulizwa hawakutaja kuhesabu wala kusema mapema. Walimtaja mtoto anayejua wajibu wake nyumbani na kuutimiza bila kusimamiwa. Mmeru au Mwaarusha hangeshangaa. Mtoto mwema kwetu ni yule anayetumika. Anatumwa chumvi dukani, anatumwa majani ya ng'ombe, anatumwa maji bombani, na akirudi anatumwa tena. Mtoto asiyeitika akiitwa hatumwi. Anaachwa akae. Wenzake wanapanda kilima na mzigo kichwani, wanasukuma toroli, wanabeba mkungu wa ndizi wawili wawili, wanakamua mablanketi mtoni. Yeye anakaa kwenye kigoda akitazama mwanga unavyopenya kwenye majani ya mgomba. Kwa huruma ileile iliyomwondolea kazi, aliondolewa na mazoezi. Wala hakuna aliyejua kwamba yalikuwa mazoezi.

Aliyekuja kulipa jina jambo hilo hakuwa na habari na Meru. Jean Ayres alizaliwa 1920 huko Visalia, California, akasomea tiba kwa vitendo, taaluma inayomrudishia mgonjwa uwezo wa kuvaa, kula, kuandika na kufanya kazi zake za kila siku. Aliwaona watoto wenye akili timamu wasioweza kukaa kitini, waliojikwaa mahali palipo tambarare, waliolia shati likiwagusa shingoni. Akasema tatizo haliko kwenye jicho wala sikio. Liko kwenye namna ubongo unavyozipanga habari za mwili. Zaidi ya hisi tano tulizofundishwa darasa la pili, alitilia mkazo nyingine mbili. Moja iko ndani kabisa ya sikio, inayokwambia kichwa kimeinama au kinazunguka. Nyingine imo katika misuli na viungo, inayokujulisha mkono wako uko wapi hata ukiwa gizani. Hizo zikiyumba, mtoto huishi kama abiria aliyesimama ndani ya gari bila kushika bomba: nguvu zake zote zinaishia kwenye kutoanguka.

Vitabu vyake viwili vikuu vilitoka 1972 na 1979. Dawa yake ilikuwa bembea, ubao wa magurudumu wa kulalia kifudifudi, mapipa ya kuingia na kubiringika, magodoro ya kubanwa katikati. Mwanzoni hakuwalenga wenye usonji, lakini mwaka 1980, pamoja na Linda Tickle, alichapisha habari za watoto 10 wenye usonji na kueleza kwamba waliosisimka kupita kiasi kwa mguso na mwendo ndio walionufaika zaidi, kuliko wale walioonekana kama hawasikii chochote. Ayres alifariki 1988.

Mtu mwingine alifika mahali palepale kwa njia ambayo mfugaji wa Monduli ataielewa upesi zaidi. Temple Grandin, Mmarekani aliyezaliwa 1947 na usonji wake, alikuwa kijana alipotazama ng'ombe kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona. Ng'ombe walipitishwa kwenye njia nyembamba, wakabanwa ubavuni na mbao mbili ili wachanjwe, na baadhi yao walipobanwa walitulia. Naye, ambaye hakuvumilia kukumbatiwa na binadamu, akaingia humo. Alitulia. Akiwa na miaka 18 alijitengenezea mashine yake ya mbao ya kujibana, akiishika kamba mwenyewe. Hilo la kushika kamba mwenyewe ni kubwa kuliko mbao zenyewe, na nitalirudia.

Wakati huohuo madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa bado wakiwalaumu akina mama. Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima mwaka 1967 akidai usonji unatokana na mzazi asiye na upendo. Tusiwacheke sana, maana huku kwetu mama alilaumiwa pia, ila kwa maneno mengine: alivunja mwiko, alirogwa na wifi, alimwendea mganga akavunja masharti. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha. Kati ya jozi 11 za mapacha wanaofanana kabisa, katika 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Lawama ya upendo mdogo ikaanza kuporomoka.

Jina la Folstein linatokea tena katika habari za Tanzania. Mwaka 2006 yeye na wenzake, akiwemo N. K. Ndosi, walichapisha maelezo ya watoto 20 wa Tanzania, 14 kati yao wakitimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri hadi walipougua malaria kali, homa ya muda mrefu na degedege, na walipopona walikuwa wamebadilika. Kwa wengine saba, usonji haukuonekana kuhusiana na maambukizi yoyote. Nataja hili kwa sababu mzazi wa nyanda za chini za Arumeru akisimulia kwamba mtoto wake alikuwa anasema "mama" kisha homa ikayachukua maneno, daktari asiyesoma anaweza kumwona mshirikina. Masimulizi ya namna hiyo yamo kwenye jarida la kitaalamu.

Sasa turudi kwenye bembea, tuone ilivyofika. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, kilometa 80 hivi kutoka Arusha. Katika miaka ya 1980 ikapata chuo cha tiba kwa vitendo, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa cha pekee nchini. Kwa hiyo karibu kila mtaalamu wa fani hiyo utakayemkuta Tanzania, wa rika fulani, amepita Moshi. Kazi iliyowangoja haikuwa usonji. Ilikuwa polio, ukoma, kiharusi, mikono iliyoungua, watoto wenye mtindio wa ubongo. Lakini mwanafunzi aliyejifunza kumkalisha mtoto mwenye mtindio juu ya mpira na kumyumbisha taratibu alikuwa ameshaishika dawa ya Ayres, hata kama mgonjwa mwenye usonji alikuwa bado hajaingia mlangoni.

Miaka hiyohiyo dunia ilikuwa ikihimiza huduma za utengamao zitoke hospitalini ziende kijijini. Mwaka 1987 David Werner alitoa kitabu chake kinene juu ya watoto wa vijijini wenye ulemavu, kilichotokana na kazi ya walemavu wenyewe katika kijiji cha Ajoya, Mexico. Ndani yake kuna michoro ya bembea za matairi, mapipa, vikapu na kamba. Vitu kama hivyo gereji yoyote ya Unga Limited, jijini Arusha, inavyo. Bembea ya dukani, yenye chuma cha kuzungukia na kitambaa cha kunyumbuka, ni bei ambayo mzazi wa Sanawari akitajiwa anauliza kama imejumlisha na gari.

Utaalamu wa mwili ukakaa Moshi. Utaalamu wa darasa ulikuja kukaa Tengeru, chini kabisa ya mlima Meru, kwenye Chuo cha Ualimu Elimu Maalumu Patandi. Hapo ndipo wanapopikwa walimu wa wanafunzi wasioona, viziwi, na wenye ulemavu wa akili. Mtoto mwenye usonji aliingizwa kwenye kapu hilo la tatu, na sina uhakika kama alistahili kuwekwa humo. Mwalimu alitoka Patandi akijua kulivunja somo moja vipande kumi, akijua kadi za picha na ratiba ya siku. Akikutana na mtoto anayekimbia kutoka ukuta hadi ukuta, kadi hazikumsaidia. Mtaalamu wa Moshi angejua la kufanya na huo mwili, lakini yeye alikuwa wodini. Kati ya vyuo hivi viwili ni safari ya saa moja na kidogo kwa basi dogo, na kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani.

Kilichoifupisha ni wazazi. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwishoni mwa 2007 kwamba tarehe 2 Aprili itakuwa siku ya usonji, ikaadhimishwa mara ya kwanza 2008, na neno lenyewe likaanza kusikika redioni. Nililisikia kwanza nikadhani ni ugonjwa wa mimea. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa 2010. Vitengo vikafunguliwa katika shule za msingi za kawaida, na wazazi wakaanza kuulizana kwenye foleni ni wapi mwingine alikompeleka wake. Brenda Shuma, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, akaanzisha Moshi kituo cha Gabriella, ambako mwili na darasa vinakaa chini ya paa moja. Familia za Arusha nazo zikajifunza kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kumtazama mtoto akicheza, tena wakiandika.

Hapo yalianza na makosa, kama ilivyo kwa kila dawa mpya. Bembea ilisifiwa hadi ikafanywa mganga. Watu waliambiwa mtoto akizungushwa dakika kadhaa atasema. Akapigwa mswaki mikononi, akavalishwa fulana yenye uzito, na mzazi akalipa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilionya mwaka 2012 kwamba ushahidi wa tiba hii ni mdogo na wazazi waambiwe hivyo. Mwaka 2014 Roseann Schaaf na wenzake walichapisha jaribio la watoto 32. Waliopata tiba kwa wiki 10 walisogea zaidi kwenye malengo ambayo wazazi wenyewe waliyachagua, kama kuvaa au kukaa mezani. Kisha 2022 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi la Uingereza, watoto 138, na kwa jumla tiba hiyo haikuonyesha faida kuliko huduma ya kawaida. Mtu akikuuzia bembea kama tiba ya usonji, mwambie hizo namba mbili, 32 na 138, uone atakavyojibu.

Na bado mimi si wa kuichoma bembea. Jaribio hupima matokeo ya wastani, na mtoto aliye mbele yako si wastani. Yupo anayetulia akibanwa, yupo anayepiga mayowe akiguswa. Mwendo wa taratibu wa kwenda mbele na kurudi nyuma huwatuliza wengi. Wa kuzunguka kwa kasi huwaamsha, na mwingine huishia kutapika. Mwenye kujua kazi hii huangalia rangi ya midomo, jasho, miayo, kwikwi, na akiona dalili anasimamisha kabla mtoto hajalia. Mtoto akiwa na kifafa, jambo lisilo nadra kwa wenye usonji, hazungushwi. Na kamba anaishika mtoto, kama Grandin alivyoishika yake. Mtoto aliyelazimishwa kupanda bembea hafanyiwi tiba.

Mwaka uliopita nilikaa asubuhi nzima kwenye kitengo cha shule moja ya msingi upande wa Ngaramtoni. Vifaa vyake nilivihesabu: tairi la Land Rover lililofungwa kwa kamba kwenye tawi la mringaringa, magunia matatu yaliyojazwa mchanga hadi robo, magodoro mawili yaliyochoka, beseni la maharage ya kuchambuliwa kwa vidole, na ukuta. Ukuta ulikuwa kifaa halisi. Mtoto aliyeanza kupandisha hasira aliambiwa ausukume, akausukuma kwa mikono yote miwili mpaka miguu ikateleza kwenye vumbi, kisha akapumua. Mwingine alihamisha gunia kutoka mti hadi mlango, akalirudisha, mara sita, na mara ya saba akakaa kitini bila kuambiwa. Mwalimu alikuwa wa Patandi. Mazoezi aliyapata kwenye semina ya siku chache kutoka kwa mtaalamu aliyesoma Moshi, na alikuwa ameyaandika kwenye daftari la mistari: nani, lini, mara ngapi, na alifanya nini baada ya hapo. Daftari hilo nililiona lina thamani kuliko tairi. Watoto wa Meru wamebembea kwenye matawi tangu zamani, ila hakuna aliyeandika nani alitulia.

Kabla ya saa sita alifika koko mmoja, yaani bibi, kumchukua mjukuu wake, mvulana wa miaka 9 hivi asiyesema, aliyekuwa akinusa kila kitu kabla ya kukishika.

"Shikamoo, koko."

"Marahaba, mwalimu. Ameshindaje?"

"Ameshinda vizuri. Nyumbani anafanya nini?"

"Anakaa tu. Hatumsumbui."

Mwalimu alifikiri kidogo. "Koko, mtume."

"Nimtume wapi, na hasikii?"

"Mtume maji. Usijaze ndoo. Weka nusu."

Koko aliguna, mguno wa mtu mzima aliyezoea kushauriwa na watoto. Nilifuatana nao, kwa kuwa njia yangu ilipita kwao. Bomba lilikuwa mbali na nyumba kama viwanja viwili vya mpira, mteremko wa kwenda, mlima wa kurudi, udongo mweusi wa volkano ambao mvua ikinyesha hushika kiatu na kubaki nacho. Koko alitoa ndoo ndogo ya rangi, ile ya lita kumi, akamwonyesha mjukuu kwa kidole. Mvulana akainusa ndoo, akainusa na mkono wake. Koko akatangulia hatua chache, akasimama, akageuka. Ilimchukua mvulana muda. Kisha akaenda.

Pale bombani palikuwa na watoto wengine watatu, na mmoja wao, bila kuagizwa, akamfungulia koki na kuifunga maji yalipofika nusu ya ndoo. Mvulana akaibeba kwa mikono miwili mbele ya tumbo, mabega yameshuka, kidevu kimeingia kifuani, akapanda. Hakukimbia. Alisimama mara mbili kuyatazama maji yanavyocheza ndani ya ndoo, na mara ya pili yalimwagika suruali yote ikalowa. Nilitarajia alie. Aliyatazama tu yakipotea kwenye udongo, akaendelea kupanda.

Alifika na robo. Koko akaimimina kwenye jaba, akamrudishia ndoo.